Zima Taa, Tulale

Fundi wa kukodi akikuharibia kazi, mnagombana kuhusu hela iliyobaki, anakusanya bisibisi zake, anaondoka amenuna, na maisha yanaendelea. Shemeji hana utaratibu huo. Shemeji akikuharibia kitu unamshukuru, unamkaribisha chakula, unampa na nauli ya kurudia, halafu usiku unamdokeza dada yake, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba huenda, kwa mbali, ile kazi ina kasoro. Dada yake anageukia ukutani.

Huyu wa kwangu alisomea umeme wa magari, akaacha kabla hajafika kwenye taa za nyuma. Tangu hapo hakuna chombo chenye waya kilichopita mbele yake kikasalimika. Redio ya baba yake inashika stesheni moja tu, nayo ni ya mahubiri, na mzee mwenyewe ni Mwislamu. Feni ya mama yake inazunguka kinyume. Inavuta upepo badala ya kuupuliza, na ukikaa mbele yake unasikia joto zaidi. Lakini kijana ana roho safi, haombi malipo, na hupenda kuja siku ya pilau.

Sasa mke wangu alikwenda Msasani, kwenye nyumba ya familia moja ya Kimarekani iliyokuwa ikiuza vyombo ili irudi kwao. Alifuata masufuria. Alirudi na bajaji, amekumbatia taa mbili za mezani zenye tumbo la kauri la bluu na kofia pana ya kitambaa. Sufuria hata moja. Nilipouliza, nikaambiwa sufuria kila mtu anazo.

Plagi zake zilikuwa na vile viwili bapa, vya kwao. Shemeji akatokea (kulikuwa na pilau), akazikata akafunga za kwetu za pini tatu. Balbu zilizokuja na taa ziliandikwa 120V kwa maandishi ya kusomwa na siafu, na ukuta wetu unatoa 230. Ya kwanza iliwaka kwa nuru ambayo sijapata kuiona ndani ya nyumba. Niliona hadi vumbi la nyuma ya kabati. Ikalia paa, ikafa. Shemeji akasema ilikuwa mbovu. Akatia ya pili. Paa. "Zote mbovu," akasema, "ndiyo maana wanahama wanaziuza." Nikaenda kwa Mangi nikanunua za LED, wati 9, zikaingia kwenye skrubu bila ubishi, na sebule ikapendeza, lazima niseme kweli.

Tabu ilikuwa kuziwasha. Taa moja ilikaa huku ya kochi kubwa na nyingine kule, na soketi iko katikati nyuma ya kochi. Kiswichi cha kila taa ni kijiti cha kuzungusha, kimefichwa shingoni chini ya kofia. Ukirudi usiku unavuka sebule gizani, unapanda kochi kwa magoti, unapenyeza mkono chini ya kofia na kupapasa, halafu unatambaa upande wa pili kufanya yale yale. Mama watoto alikuwa amewahi kulala hoteli moja Bagamoyo wakati wa semina, na huko chumbani, alisema, unaingia, unabonyeza kitufe kimoja mlangoni, taa zote za mezani zinakupokea. Alilisema hilo mara nyingi. Alilisema hata kwenye mazungumzo yasiyohusu taa.

Nikashauri tununue waya wa ekstensheni wenye swichi, tuupitishe pembeni mpaka mlangoni.

"Hiyo itakuwa sebule au karakana?" akauliza. "Kaka yangu yupo."

Kaka yake alikuwa amekwisha kupata video. Nilionyeshwa. Mzungu wa Marekani mwenye ndevu na mkanda wa vifaa kiunoni anafungua soketi ya kwao, ambayo ni matundu ya juu na matundu ya chini yaliyounganishwa kwa kipande kidogo cha shaba pembeni. Anakikamata kwa koleo, anakivunja. Toka hapo nusu ya soketi inatii swichi ya ukutani na nusu nyingine inabaki na umeme wake saa zote. Taa unachomeka kwenye nusu inayotii. Kazi safi, ya dakika chache, na yule bwana anapiga mluzi.

Shemeji alizima meni swichi kwanza. Hilo nampa, siwezi kumnyima. Akasogeza kochi, akafungua soketi yetu, akaanza kutafuta kile kipande cha shaba kwa tochi ya simu. Hakipo. Soketi zetu ni za mtindo wa Kiingereza, hazina habari ya kuvunjwa katikati. Mtu mwingine angerudisha skrubu akaomba maji ya kunywa. Yeye alisema, "Hili toleo jingine hili," akaisogeza video mbele, hadi pale mwenye ndevu anaposhika waya mweusi na kusema huu ndio wa kufanyia kazi. Soketi yetu nayo ilikuwa na waya mweusi. Shemeji alifurahi. Niliiona furaha ile kwa macho yangu, kisha nikaondoka zangu kazini.

Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Swichi ya mlangoni, ambayo ilikuwa ya kitufe kimoja cha taa ya darini, sasa ilikuwa na vitufe viwili. Kutoka pale ulishuka waya ndani ya mfereji mweupe wa plastiki, umenyooka sawasawa, ukazunguka juu ya ubao wa chini hadi nyuma ya kochi. Kwa macho, hukuona dosari. Tukazima taa ya darini, mke wangu akasimama mlangoni kama mgeni rasmi, akabonyeza kitufe cha pili. Taa zikawaka zote mbili kwa pamoja. Akapiga vigelegele. Akazima. Akawasha. Watoto wakapanga foleni. Shemeji alikula sahani mbili.

Zikaanza siku za raha. Mama watoto aliziacha taa zikiwaka kutwa, asije akapita mgeni asizione, na usiku yule wa mwisho kusimama aliambiwa, "Zima taa, tulale." Kitufe kimoja, tak, nyumba nzima usingizini.

Na LUKU ikaacha kutusumbua. Kwa kawaida mimi na zile tarakimu 20 tunaonana mara kwa mara kuliko ninavyoonana na ndugu zangu. Sasa natazama mita, yuniti zipo. Kesho zipo. Nikaanza kuota kwamba tutarudi kwenye lile kundi la watu wasiovuka yuniti 75 kwa mwezi, wanaonunua umeme kwa bei ya huruma. Niliwaeleza wenzangu kazini kwamba siri ni taa za pembeni. Jioni moja nikamsifu shemeji mbele ya mke wangu, kwa maneno marefu, kauli ambayo imehifadhiwa nyumbani kwangu mpaka leo kama ushahidi.

Wa kwanza kulalamika walikuwa wanafunzi. Mke wangu huuza barafu za ubuyu na za ukwaju. Anazimimina jioni, zinaganda usiku, asubuhi watoto wanazichukua wakielekea shule. Asubuhi moja mtoto akapokea yake, akaitikisa sikioni, akasema, "Mama, hii ni juisi." Aliyemfuata naye akatikisa. Foleni nzima ikawa inatikisa. Ilibidi wauziwe kwa nusu bei na kupewa vikombe.

Tulilaumu joto la Dar, halafu tukamlaumu binti yetu kuwa hafungi mlango wa friji. Akakana. Kisha mdogo wake, ambaye alikuwa ameamka usiku kunywa maji, akatuambia habari aliyoiona yeye.

"Friji linalala," alisema.

"Linalala vipi?"

"Nikilifungua usiku halina taa. Halisemi kitu. Na lenyewe linalala."

Tukacheka sana. Mke wangu akasema taa ya ndani imeungua. Mchana akafungua, taa inawaka. Akasema basi ilikuwa imelegea.

Baadaye ikaja zamu ya pasi. Nilizoea kupiga pasi alfajiri, jikoni, na alfajiri ile pasi ilikuwa baridi kabisa. Birika la umeme pembeni yake, baridi. Nikaenda ofisini na shati lililokunjamana hadi bosi akaniuliza kama nimesafiri. Jioni nikaichomeka nikiwa na hasira, ikawa moto papo hapo, ikataka kunichomea kola. Kesho yake alfajiri, baridi. Nikamwambia mke wangu kwamba tuna pasi isiyopenda kuamshwa mapema.

Fundi wa friji alikuja saa nne asubuhi, na kwa kuwa ni mgeni, taa za mezani ziliwashwa kwa heshima yake. Friji likaunguruma vizuri. Akalala kifudifudi, akatega sikio nyuma, akagusa bomba moja, akagusa jingine, akainuka akiwa na sura ya daktari mwenye habari mbaya. "Gesi imepungua." Akajaza gesi kwa hela ambayo ningeweza kununulia friji jingine bovu. Asubuhi, barafu maji. Akarudi, taa zikawashwa, akategea sikio pale pale. "Sasa gesi imezidi." Akaipunguza. Kupunguza nako kuna bei yake.

Jirani yetu, mama mtu mzima anayejua mambo, alisikiliza maelezo yote akiwa ameshika shavu. Mwisho akasema mashine inayofanya kazi mchana na kugoma usiku ina mtu wake. Akataja watu wawili wa mtaani wanaouza barafu. Mke wangu hakumjibu, ila jioni ile nilikuta chetezo nyuma ya friji, na kwa wiki kadhaa maji yetu ya kunywa yalinukia udi. Mgeni mmoja aliyasifu.

Hapo ndipo baba mkwe alipotuma habari kwamba anakuja.

Baba mkwe wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza, na ana macho ya msimamizi: haoni kilichokamilika, anaona kilichozidi. Nilimpokea kituo cha mabasi cha Magufuli, pale Mbezi, akiwa na begi dogo na mfuko mkubwa wa kiroba. Ndani ya kiroba mlikuwa na nguru aliyekatwa vipande vinene, amefunikwa barafu na majani, ametoka Tanga alfajiri hiyo hiyo. Nguru wa kula ukoo mzima. Tulipofika nyumbani mama watoto akavipanga vipande vyote kwenye jokofu la juu, akafunga mlango, akaubusu.

Mzee akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Akazitazama taa.

"Kuna msiba?"

"Hapana, Baba."

"Sasa mbona mmewasha taa na jua limesimama utosini?"

Akanyoosha mkono bila kuinuka. Tak.

Mke wangu aliziwasha tena mzee alipokwenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, tak. Akaziwasha wakati wa mzee kuoga. Tak. Hapo ndipo utajua mipaka ya mwenye nyumba: hakuna mkwe chini ya jua atakayemwambia baba mkwe aache swichi. Kutwa nzima taa zilikuwa zimezimwa, jioni zikawaka muda mfupi wakati wa taarifa ya habari, kisha mzee akasimama na kutangaza mwenyewe, "Zima taa, tulale." Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

Harufu ilianza kiasi cha kupita tu na kuondoka. Baba mkwe ndiye aliyeisikia kwanza. Akaangalia viatu vyangu. Nikavitoa nje. Harufu ikabaki. Jioni paka wa majirani walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa uani, wamepangana kwa umri, wanatazama dirisha la jikoni. Mama watoto akafungua jokofu la juu. Sitaeleza kilichotoka. Nitasema tu kwamba barafu yote ilikuwa imekuwa mchuzi, na kwamba mzee alisimama nyuma yetu na mikono yake mgongoni, akasema polepole:

"Samaki huyu alipita Segera salama. Akapita Chalinze salama."

Hakuongeza neno. Alitoa simu akampigia mwanawe.

Shemeji akafika magharibi, akiwa na begi la vifaa na simu imejaa chaji. Wakati huo taa za mezani zilikuwa zinawaka kwa ajili ya taarifa ya habari. Mke wangu alikuwa amewasha birika kwa chai ya baba yake, na mimi, kwa kuwa pasi yetu ilikubali jioni tu, nilikuwa nanyoosha shati la kesho. Shemeji akaenda jikoni, akaweka mkono juu ya friji.

"Mbona linafanya kazi vizuri tu?"

Tukamweleza. Akasema pengine ni gesi.

Ndipo baba mkwe, pale kwenye kiti chake, akainua uso akanusa. "Sasa hii si samaki." Akagusa swichi iliyokuwa juu ya kichwa chake, akarudisha mkono. "Hii swichi ina homa." Kweli, kitufe cha pili kilikuwa kinalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibiriti, na plastiki ya kuzunguka ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Taa moja ikaanza kukonyeza.

"Aa, hiyo ni balbu tu haijakaa," shemeji akasema. Akabonyeza kitufe. Tak.

Nilikuwa nimeshika pasi. Kijitaa chake chekundu kikazimika. Birika lililokuwa limeanza kuchemka likashusha pumzi. Na jikoni friji likatetemeka mara moja, kama yanavyofanya yakizimwa, likanyamaza. Mimi na mke wangu tukatazamana. Baba mkwe akatazama jikoni.

"Si niliwaambia," akasema mtoto wetu mdogo kutoka mezani. "Limelala."

Shemeji hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa kwenye kochi kwa magoti, ameshafungua balbu, na anaingiza kidole ndani ya holda kuinua ule ulimi wa katikati ili ushike vizuri. Sijui nielezeje. Alipaa bila maandalizi. Alitoka upande huu wa kochi, akatua upande ule, na mkono wake ukabaki umenyooka juu, anautazama kama wa mtu mwingine.

"Lakini nimezima!" akalia. "Nimezima!"

"Umezima friji," akasema baba yake.

Mtaa wa pili kuna mzee mmoja fundi umeme, alistaafu kiwandani, hapendi maneno. Nikamfuata baada ya Isha, akaja na kanzu yake na testa moja mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Nikaanza kumsimulia kuhusu barafu. Akaniinulia kiganja ninyamaze. Akaagiza swichi ibaki imezimwa, akachomeka testa kwenye tundu la moto la soketi ya jikoni: ikawaka. Shemeji akasema, "Si unaona, umeme upo." Mzee akaihamishia kwenye tundu la pili, la nyutro, yaani la kurudishia umeme. Ikawaka vile vile.

Akaichomoa, akaifuta kwenye kanzu.

"Nani kakata nyutro?"

Kila mtu akatazama ukutani, dari, zulia. Baba mkwe peke yake alimtazama mhusika.

Mzee akavuta kochi, akafungua soketi, akatuita tusogee kama wanafunzi. Waya za nyumba hii, akasema, ni za zamani: nyekundu ndiyo yenye moto, nyeusi ndiyo ya kurudishia. Siku hizi mtakuta ya kahawia na ya bluu, lakini nyumba za umri huu ni nyekundu na nyeusi. Na huko Marekani? Shemeji akajibu kwa sauti ya chini kwamba video ilisema nyeusi ndiyo yenye moto, nyeupe ndiyo inarudi. "Basi umekata marejeo," akasema mzee. Moto ukawa unakwenda kwenye vyombo saa zote, ila hauna njia ya kurudi swichi ikizimwa. Kwa hiyo chombo hakifanyi kazi lakini kimejaa umeme, kinamsubiri mwenye kidole. Ndiyo maana testa ikawaka matundu yote mawili: moto unapita ndani ya friji, unakuja kusimama upande wa nyutro.

Na kwa nini friji? Akaonyesha waya mbili nyeusi zilizokuwa zimeshikana pale ndani. Mmoja unaingia kutoka kwenye meni swichi, mwingine unatoka kwenda soketi za jikoni. Nyumba hii soketi zake zimefuatana, moja inalisha ya mbele yake. Shemeji alikuwa ameudaka ule unaoingia. Kwa hiyo kile kitufe cha mama watoto, cha kupokea wageni kama hotelini, kilikuwa kinaongoza taa mbili, friji, birika, pasi na jiko zima la nyumba.

Akaomba chaki ya mtoto. Akaandika ukutani: birika 2000, pasi 1200. Akajumlisha, akagawanya kwa 230. Karibu ampea 14, kabla ya friji. Swichi imeandikwa ampea 10, na waya alioupitisha shemeji ni mwembamba, wa taa. "Mmekuwa mnapikia juu ya swichi," akasema. Hesabu ile bado ipo ukutani, mke wangu amekataa isifutwe, sijui kwa sababu gani.

Kisha akaomba kuiona hiyo video. Akavaa miwani, akaitazama yote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na mluzi. Tulikaa kimya tukimsubiri.

"Huyu kijana anafanya kazi nzuri sana," akasema. "Anakaa wapi?"

"Marekani, mzee."

"Basi na wewe nenda ukafunge huko."

Asubuhi yake alirudi kufanya kazi yenyewe, na baba mkwe akaketi karibu kumpa kampani. Walielewana sana, nadhani kwa sababu hakuna aliyekuwa anaongea. Soketi zikarudishiwa nyutro yao bila kupitia mahali. Kwa ajili ya taa akapanda darini, akaeleza kwamba kwenye kisanduku cha swichi za kwetu mara nyingi huikuti nyutro kabisa, kuna moto unaoshuka na moto unaorudi tu, kwa hiyo nyutro akaitafuta juu, kwenye taa ya darini. Akateremsha laini mpya ya taa peke yake, na ethi yake, mpaka soketi mbili ndogo alizonituma Kariakoo: za pini tatu za duara, ampea 5. Plagi za taa nazo akazibadilisha ziwe za duara.

Niliuliza kwa nini hizo za kizamani.

"Ili pasi isiingie," akasema.

Haikupita saa moja nikamwona shemeji amechuchumaa nyuma ya kochi na chaja ya simu mkononi, anaigeuza juu, anaigeuza chini, anajaribu kwa pembe. Mzee wa kanzu akamwangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akadai hela yake.

Baba mkwe aliondoka kesho yake. Aliniaga vizuri, akanishika bega, akasema mimi mtu mvumilivu. Habari ya nguru mwingine haikuguswa.

Taa zinawaka mlangoni kama hotelini, barafu zinaganda hadi zinapasua vikombe, na shati langu limenyooka. Lakini LUKU imerudia mwendo wake. Friji linakesha, na yuniti zinakwenda nalo. Juzi mke wangu alisimama mbele ya mita muda mrefu, mikono kiunoni.

"Huyu fundi wako mzee kuna kitu kaharibu," akasema. "Kaka yangu alipofunga, umeme ulikuwa unakaa."

Nikajaribu kueleza habari ya friji na nyutro. Akanikumbusha maneno marefu niliyoyasema mwenyewe ile jioni, neno kwa neno, pamoja na mahali nilipopumua.

Jumamosi shemeji anakuja kuiangalia mita. Anasema kuna video.